Mama Mifugo Alipojipima Mwenyewe

Kornelia mwenyewe ndiye anayeipenda zaidi habari hii, na akiisimulia huanza na pale panapomwonyesha mjinga kuliko pengine pote. Husema mtu aliyekaa miaka ishirini na saba akishika viwele vya ng'ombe wa watu, halafu akashindwa kujishika mwenyewe ipasavyo, achekwe kwanza. Huruma itafuata, kama nafasi itabaki.

Basi na sisi tuanze anavyotaka.

Kornelia ni afisa mifugo wa kata, na anaishi Gitting na mumewe Yonas, mwalimu aliyestaafu. Alizaliwa Tlawi, kule juu Mbulu, katika nyumba ambayo ndama walilala upande mmoja wa ukuta na watoto upande wa pili, na kwa maelezo yake ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hakujua vizuri alihesabiwa kundi gani. Baba yake alitaka awe sista. Masista walikaa naye siku tatu, wakamsikia anavyoongea, wakamrudisha nyumbani kwa heshima zote. Akaenda chuo cha mifugo. Alipopangiwa kazi Hanang alishuka Katesh na sanduku la bati, buti za mpira, na sauti ambayo hadi leo hufika kwenye boma la mtu kabla ya pikipiki yake.

Mwaka wa kwanza wanaume walimwambia, "Binti, kamwite bwana mifugo," naye akajibu, "Ameshafika, ndiye huyu anayekugombeza." Sasa hakuna anayethubutu. Siku za kawaida ni Mama Mifugo, na ng'ombe akiwa hoi anakuwa Daktari.

Kwa miaka yote hiyo amekuwa na mahubiri mawili, na hakuna mfugaji wa kata ile asiyeyajua kwa moyo. La kwanza ni juu ya kuchelewa. Akiitwa kwa mnyama aliyeugua wiki mbili, husimama mlangoni mwa zizi na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani kama wamemwita kutibu au kuzika. La pili ni juu ya chuchu nne. Ukiambiwa ng'ombe ana shida kwenye chuchu moja, unapima zote nne, kwa sababu ng'ombe hajasoma na hawezi kukuonyesha kila kinachomsumbua, na mwenye ng'ombe naye anaona kile alichokigusa tu. Vijana wa chuo wanaokuja kwake kwa mafunzo huondoka wakiwa wamesahau mengi, ila hilo hawalisahau, maana amewapiga makofi ya mikononi kwa ajili yake.

Mwezi wa tatu mwaka jana, akioga asubuhi kabla ya kwenda kazini, mkono wake uligusa kitu kwenye titi la kushoto. Kilikuwa na ukubwa wa gololi.

Mwanamke mwingine angeshtuka. Kornelia, Mungu amsamehe, alifurahi. Si kwa uvimbe, bali kwa sababu aliutambua papo hapo, na hakuna kinachompendeza mtaalamu kama kutambua kitu haraka. Akaushika kwa vidole vitatu kama anavyofundisha. Akausukuma huku na huku. Kisha, maji yakimchuruzika, akaandika kichwani taarifa ileile anayoiandika kwenye daftari la kata: uvimbe mmoja, upande wa kushoto, mviringo, unacheza chini ya ngozi, hauna maumivu, hakuna homa, anakula vizuri. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kuliko yote.

Uamuzi wake ulikuwa kwamba ni maziwa yaliyobaki. Mtoto wake wa mwisho yuko chuo kikuu na anafuga ndevu. Ni maziwa gani hayo yaliyokaa miaka kumi na saba bila kuharibika, Kornelia hakujiuliza. Alikuwa na tiba tayari, na mtu akishakuwa na tiba mkononi hatafuti tena ugonjwa. Kila asubuhi na kila jioni alijikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akamalizia na mafuta ya kukamulia, yale ya kopo la kijani anayowashauri wafugaji wapake ng'ombe kiwele kikikakamaa. Alijisugua kutoka chini kwenda juu, kama ilivyoandikwa kwenye kijitabu.

Wiki zikaenda. Mvua zikanyesha, zikaisha. Gololi likabaki gololi. Kornelia akaona hiyo ni dalili njema, kwamba halikui. Siku nyingine alihisi kama limepungua kidogo, na hiyo ilikuwa dalili njema zaidi. Siku lilipoonekana kama limeongezeka, aliamua kwamba mikono yake ilikuwa na baridi. Kwa Yonas hakusema neno. Atasema nini? Mume atataka waende hospitali, na hospitali atakutana na watu anaowafahamu, na watu watauliza Mama Mifugo ana nini. Mama Mifugo hana kitu. Mama Mifugo anakula vizuri.

Mwezi wa sita akaitwa na Alfredi, mfugaji wa hukohuko Gitting mwenye ng'ombe watatu wa maziwa na maneno machache. Ng'ombe mmoja alikuwa na kivimbe kwenye kiwele. Kornelia akainama, akapima chuchu zote nne kwa mazoea tu, akasimama akifuta mikono.

"Hiki kitu kimeanza lini?"

"Kama mwezi wa tatu, Daktari."

"Wa tatu!" Kuku wakatawanyika. "Alfredi, huu ni mwezi wa ngapi? Miezi mitatu! Ulikuwa unasubiri nini?"

Alfredi akaangalia buti zake. "Hakikuwa kinamuuma. Nikaona kama hakimuumi, basi. Tena nimempaka yale mafuta uliyotuambia, asubuhi na jioni. Na anakula vizuri."

Kornelia alifungua mdomo ili aendelee na mahubiri, maana hapo ndipo yanaponoga, na hayakutoka. Alisimama katikati ya zizi mdomo wazi kama mtu aliyesahau wimbo katikati ya kanisa. Alfredi, ambaye alikuwa ameshajikunja kupokea matusi yaliyobaki, akainua macho polepole kuona kulikoni.

"Unaumwa, Daktari?"

"Siumwi," akasema Kornelia. Kisha akasema kitu ambacho hakuna mtu wa Gitting aliyewahi kukisikia kwake. "Hukufanya vibaya sana. Watu wengi wangefanya hivyo."

Alfredi akaja kumwambia mkewe jioni ile kwamba Mama Mifugo hayuko sawa.

Kesho yake Kornelia akapanda basi kwenda hospitali yenye mashine ya altrasaundi. Yonas aliambiwa kuna semina.

Daktari wa picha alikuwa binti anayeitwa Raya, wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh. Kornelia aliwahi kununua kamba na ndoo kwenye duka la baba yake binti mwenyewe akiwa bado mtoto mdogo. Raya aliinuka kwenye kiti, akamwamkia shikamoo, akasoma cheti, akamwomba avue blauzi alale kitandani. Alipogeuka na ile jeli yake mkononi alimkuta mteja amevua mkono mmoja tu. Upande wa kushoto ulikuwa wazi. Upande wa kulia ulikuwa umefungwa vifungo hadi shingoni, kama mtu anayekwenda kupiga picha ya kitambulisho.

"Mama, na huku tafadhali."

"Huko hakuna shida. Shida iko huku."

"Sawa mama, lakini tunapima yote mawili."

"Mwanangu, mimi ni mtaalamu," akasema Kornelia. "Nimeshapima."

Raya akamtazama kwa adabu. "Na la kulia ulipima?"

Hapa Kornelia akisimulia husimama, huinua kidole, na kuuliza watu wote waliopo: chuchu ngapi? Nao hujibu kwa pamoja, nne! Basi siku ile, amelala chali na jeli baridi ikimtiririka ubavuni, Mama Mifugo wa chuchu nne aligundua kwamba yeye mwenyewe ana matiti mawili tu, na kwa miezi mitatu alikuwa amepima moja. Akavua mkono wa pili.

Raya alianza na kushoto. Akalizungusha lile gololi kwenye kioo, akamgeuzia Kornelia aone: duara jeusi, lenye ukingo mwembamba na sawa pande zote. "Huu ni mfuko wa maji, mama. Hauna madhara. Sisi hizi picha tunazipanga kwa makundi, kuanzia la kwanza ambalo hakuna kitu kabisa. Huu wako ni kundi la pili. Hauhitaji hata dawa."

Kornelia akapumua pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu mwezi wa tatu. Alitaka kumkumbatia yule binti. Alitaka kwenda kumnunulia Alfredi soda. Mkono wake ulikuwa tayari unatafuta blauzi wakati Raya anahamia upande wa kulia, na alianza kueleza kwa sauti kubwa jinsi alivyojua tangu mwanzo kwamba ni kitu cha majimaji, ingawa alikuwa amesema ni maziwa, lakini maziwa nayo ni majimaji.

Kisha akanyamaza, kwa sababu Raya alikuwa hajibu.

Kifaa kilikuwa kimesimama mahali pamoja, juu kidogo, karibu na kwapa. Kikaondoka, kikarudi. Kikainamishwa. Kikarudi tena. Kornelia aliujua ukimya ule kuliko alivyoujua uso wa Raya. Ndivyo mkono wake mwenyewe unavyofanya kwenye kiwele unapokutana na kitu, huku mwenye ng'ombe anaendelea kuzungumza habari za mvua.

"Umeona nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo na hakuipenda.

Raya akamaliza kwanza kupima, akamwomba akae, akamfunika kanga. Halafu akamweleza bila kuzunguka. Kulikuwa na kitu kidogo, chini ya sentimita moja na nusu, kirefu kwenda ndani kuliko kilivyo kipana, kingo zake zimekwaruzika. Mkono usingekikuta kirahisi hata ungekitafuta.

"Hiki nimekiweka kundi la nne, mama. Maana yake kina shaka. Si kusema ni kansa. Ni kusema kwamba picha peke yake haiwezi kuniambia, lazima tuchukue kinyama kidogo kwa sindano kipimwe."

"Makundi yako mangapi?"

"La tano ndilo la shaka kubwa sana. La sita ni la mtu ambaye kansa yake imeshathibitishwa."

"Na hilo la tatu likoje?"

"La tatu ni kitu ambacho karibu tuna hakika si kibaya. Tunamwambia mtu arudi baada ya miezi sita."

Kornelia akajisogeza karibu, akashusha sauti kama watu wanavyofanya mnadani. "Sasa mwanangu, kati ya la tatu na la nne si hatua moja tu? Niweke la tatu. Mimi nitarudi, siyo miezi sita, hata mitatu nitarudi."

Raya alijaribu asicheke, akashindwa. "Mama, hapa hatupatani bei. Naweza kuandika tatu na karatasi itakubali. Kilichomo ndani hakitabadilika."

"Basi niambie kwa hesabu. Mimi naelewa hesabu. Wanawake mia wenye picha kama yangu, wangapi wanakutwa na kansa?"

"Hilo kundi ni pana, tumeligawa sehemu tatu. Sehemu yako wewe, ya katikati, ni kuanzia kumi hadi hamsini katika mia."

"Kumi hadi hamsini ni kama kusema kuanzia Tlawi hadi Basotu. Nipe moja."

Raya akafikiri. "Kwa jicho langu, thelathini. Lakini ni jicho tu."

Thelathini. Kornelia akaishika namba ile akatoka nayo. Alipewa siku ya sindano, Alhamisi, akasema Alhamisi haiwezekani, kuna chanjo. Akapewa Jumanne iliyofuata, akasema Jumanne anasimamia mnada. Wakakubaliana wiki ya tatu. Wiki ya tatu ikafika, Kornelia akapiga simu kwamba chanjo imesogezwa Basotu na hakuna mwingine wa kwenda. Kulikuwa na wengine wawili. Mmoja wao alikuwa amejitolea, na Kornelia alimnyang'anya zamu karibu kwa ugomvi.

Tusimwonee, alikuwa na hoja zake, na alikuwa amezipanga vizuri. Thelathini katika mia maana yake sabini hawana kitu. Sabini ni wengi. Mtu akikuambia shule imefaulisha sabini katika mia unapiga makofi. Na yeye Kornelia, tangu utotoni Tlawi, lini alikuwa katika wale wachache? Surua iliwapata wenzake, yeye haikumpata. Pikipiki imemwangusha mara sita na hajavunjika hata jino. Kwa hiyo akajiweka mwenyewe kwenye wale sabini, akatulia humo kama mtu aliyepata kiti kizuri kwenye harusi.

Basotu ilikuwa na upepo na vumbi la ngano iliyovunwa. Mifugo ya siku ile ilikuwa ya Tawakali, mfanyabiashara wa Katesh mwenye duka la nafaka, aliyegeuza faida yake kuwa ng'ombe kwa sababu, kama anavyosema, ng'ombe haliwi na panya. Walikuwa mia na wachache. Walipangwa kwenye ile njia nyembamba ya miti, wakawa wanapita mmoja mmoja, Kornelia anachoma, kijiti cha kuhesabia kinawekwa, anayefuata anaingia.

Hakumbuki alifika ng'ombe wa ngapi. Anakumbuka kwamba aliinua macho akawaona wote waliobaki, migongo inang'aa, mikia inapiga nzi, na wazo likamjia la kitaalamu kabisa, la kupitisha muda. Kama hawa ni mia, na thelathini wana kitu ndani, ni wepi?

Akaanza kuwachagua. Yule mwekundu? Alikuwa mnene, anacheua kwa raha zake. Yule mwenye pembe moja? Macho maangavu. Akatafuta kwenye manyoya, kwenye mwendo, kwenye pua. Miaka ishirini na saba ya kazi aliiweka yote kwenye macho yake mawili, na kila ng'ombe aliyemtazama alimweka kwenye wale sabini. Alipomaliza, sabini walikuwa mia. Thelathini hawakuwa na mahali pa kukaa.

Akajiuliza basi angefanya nini, kama Tawakali angemwuliza. Jibu lilikuja bila hata kufikiri, maana ameshawajibu hivyo watu wengi na kwa makelele. Angechukua damu ya wote mia. Kila mmoja. Na angemtukana mwenye mifugo ambaye angeanza kumwonyesha wale wanaoonekana wazima.

"Daktari, unahesabu?" Tawakali akauliza kutoka upande wa pili wa miti. "Mbona umesimama?"

"Naangalia."

"Kuna mgonjwa?"

"Sijui," akasema Kornelia, akashusha sindano. "Ndiyo shida yenyewe. Sijui."

Alimaliza kuchanja, kwa sababu ng'ombe hawakuwa na kosa. Kisha akaenda nyuma ya gari la Tawakali, akampigia Raya simu, akaomba msamaha kwa sauti ambayo Raya alidhani ni ya mtu mwingine.

Jioni alimkuta Yonas uani anapukuchua mahindi. Alikaa kwenye kigoda cha pili, akachukua gunzi moja, akapukuchua nusu yake kabla ya kusema.

"Baba Modest, ile semina haikuwa semina."

Akamweleza yote. La kushoto, la kulia, makundi, thelathini. Yonas hakumkatiza. Ni mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, anajua kusubiri mtu amalize. Mwisho akaweka gunzi chini.

"Yale mafuta," akasema.

"Mafuta gani?"

"Yale ya ng'ombe. Nimekuwa nikisikia harufu yake kitandani tangu Pasaka." Akajikuna kidevu. "Nilidhani umeanza kujipamba. Nilidhani ni kwa ajili yangu."

Kornelia alimwangalia mumewe, mvi zake, shati lake la kijivu alilokuwa amelinyoosha mwenyewe kwa pasi, na akakumbuka kwamba tangu Pasaka ile kweli Yonas alikuwa amenyoa ndevu kila siku bila sababu ya maana. Akacheka hadi akainama. Alipoinuka alikuwa analia, na hakuweza kusema ni saa ngapi kimoja kiligeuka kuwa kingine.

"Nilijipima kama ng'ombe," akasema. "Hata ng'ombe ningempima vizuri zaidi."

"Tunakwenda lini?"

"Keshokutwa."

"Tunakwenda wote," akasema Yonas. "Na wewe usiongee na dereva wala na mtu yeyote njiani. Utapata ng'ombe wa kwenda kumtibu."

Sindano yenyewe haikuwa kitu. Alichomwa ganzi, kisha kile kifaa kikalia tak, kama stepla ya ofisini, mara nne. Kornelia alimwambia Raya kwamba yeye amechoma maelfu na hajawahi kumwambia hata mmoja pole, na akaahidi kurekebisha. Raya alicheka. Yonas, nyuma ya pazia, alisikia wanacheka akadhani habari ni njema, ikabidi aelezwe kwamba habari zenyewe zitachukua wiki mbili.

Wiki mbili zile Kornelia hapendi kuzisimulia. Husema tu kwamba alifanya kazi vibaya, na kwamba mara mbili alimwamkia ng'ombe.

Siku ya majibu walikaa wote watatu kwenye chumba kidogo, Raya mezani na wao wawili kwenye benchi. Raya alikuwa na karatasi ametandaza mikono juu yake. Akawauliza safari. Akawauliza baridi ya Gitting. Kornelia alimwona binti wa watu anavyohangaika kutafuta mlango wa kuingilia, akamhurumia.

"Daktari," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "niambie."

"Ni kansa, mama. Ni ndogo, na kwa tulivyoona haijaenda popote. Tumeiwahi. Lakini ni kansa, na lazima itolewe."

Kornelia alitafuta la kuchekesha. Aliingiza mkono mahali ambapo siku zote mizaha yake hukaa na akakuta patupu. Aliangalia ukutani, kalenda, mlango. Alifikiria kumuuliza Raya habari za wale sabini, kama wameshaambiwa waende nyumbani kwao, na akaona wivu mkali kwa wanawake sabini asiowajua.

"Naogopa," akasema. "Naogopa sana."

Yonas akamshika mkono, mbele ya daktari, mchana kweupe, jambo ambalo katika miaka ishirini na mitano ya ndoa hakuwahi kulifanya. Raya aliwaacha. Nje watu walikuwa wanaitwa majina.

Baadaye Raya akavuta daftari. "Upasuaji ni hospitali ya rufaa. Nimeshaongea nao. Wana nafasi wiki ijayo, na wana nyingine mwisho wa mwezi ujao." Akashika kalamu. "Mama, wewe unaweza lini?"

Kornelia akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Usiniulize mimi," akasema. "Nikiulizwa nitapata kazi. Andika ya karibu, halafu karatasi mpe huyu."

Raya akaandika Jumanne, akampa Yonas.